Ninavyoendesha kikao cha tawi kabla ya mechi ya kimataifa Kwa Mkapa (Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam)

Mechi ikiwa Jumamosi au Jumapili, kikao cha tawi letu la mashabiki wa klabu ya Simba hukaa Jumanne jioni. Siku nyingine hazifai. Ukikaa mapema zaidi, watu hawajapata uhakika wa ruhusa kazini. Ukikaa Alhamisi, tiketi za bei ya chini zimeshaanza kuadimika na madereva wameshachukuliwa na matawi mengine. Mimi ndiye katibu, na ninachokitaka kitoke kwenye kikao ni kimoja: kila mwanachama awe ameketi jukwaani saa mbili kabla ya filimbi, sote upande mmoja, kila mtu akijua timu inatafuta matokeo gani.

Msisitizo wa kuwahi una sababu. Tarehe 9 Aprili 2025 tulicheza na Al Masry ya Misri marudiano ya robo fainali ya Kombe la Shirikisho, tukiwa nyuma kwa 2-0. Ilikuwa Jumatano, siku ya kazi. Elie Mpanzu alifunga dakika ya 22, Steven Mukwala akaongeza dakika ya 32, na baada ya hapo hakuna goli lililoingia mpaka matuta, yaani mikwaju ya penalti, tukashinda 4-1. Yaani kazi yote ya kurudisha deni ilifanyika ndani ya dakika 32 za kwanza. Shabiki aliyekwama kwenye foleni ya geti wakati huo hakuisaidia timu chochote, hata kama alilipa VIP.

Ajenda ya kwanza kikaoni ni hesabu. Nabandika karatasi kubwa ukutani na kuandika matokeo ya mechi ya kwanza juu kabisa. Chini yake naandika kila matokeo yanayowezekana nyumbani na maana yake. Watu wengi wanajua mpira vizuri lakini goli la ugenini (jumla ikilingana, anapita aliyefunga mengi ugenini) linawachanganya, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, bado wanalitumia katika mechi za mtoano za klabu. Chukua hiyo hiyo ya Al Masry. Tumefungwa 2-0 kwao, kwa hiyo hatuna goli la ugenini. Tukishinda 2-0, jumla ni 2-2, hakuna aliyefunga ugenini, tunakwenda moja kwa moja kwenye penalti bila dakika 30 za nyongeza. Tukishinda 3-0 tumepita. Lakini wao wakipata goli moja tu, 3-1 haitutoshi: jumla inakuwa 3-3 na wao wana goli la ugenini. Hapo tunahitaji 4-1. Tukiwa mbele 2-0, goli moja la mgeni linatulazimisha kufunga mawili zaidi.

Nikishaeleza hivyo, mjadala unabadilika wenyewe. Kabla ya hesabu kila mtu anataka timu ishambulie dakika zote 90. Baada ya hesabu ndipo watu wanaelewa kwa nini kocha anaweza kuwa mbele 2-0 na bado akamwacha kiungo mkabaji uwanjani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu jukwaa linaloanza kupiga kelele za "ongeza mshambuliaji" wakati mpango ni kulinda lango linawatia presha wachezaji wetu.

Mfano wa upande wa pili nauchukua kwa watani wetu, maana somo ni somo hata likitoka Jangwani, yaliko makao yao. Fainali ya Shirikisho ya 2023, Yanga walipoteza 2-1 hapa hapa Kwa Mkapa dhidi ya USM Alger, wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa magoli mawili ya ugenini dhidi ya moja. Goli lililowaumiza ni la pili la wageni, lililoingia muda mfupi tu baada ya Fiston Mayele kusawazisha, uwanja mzima ukiwa bado unashangilia. Kwa hiyo kwenye tawi letu tuna sheria: tukifunga, tunashangilia mpaka mpira unaporudishwa katikati, kisha ngoma inabadilika na kuwa ya kuwahimiza mabeki.

Hatua ya makundi ina hesabu nyingine. Timu ni nne, kila moja inacheza mechi sita, mbili za juu zinapita. Pointi zikilingana, linaloangaliwa kwanza ni matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe, tofauti ya magoli ya kundi zima inafuata baadaye. Ndiyo maana kufungwa 1-0 ugenini si sawa na kufungwa 3-0, hata kama pointi zilizopotea ni zile zile tatu. Nyumbani ndiko utakakotakiwa kuyafidia hayo magoli.

Kuhusu kikosi sitoi muda mrefu. Ukiacha mlango wazi, kikao kizima kitaisha kwenye nani aanze winga ya kulia. Nauliza nani amefungiwa, nani ametoka majeruhi, nani amerudi juzi kutoka timu ya taifa, basi. Muda unaobaki tunautumia kumtazama mpinzani kwenye simu au runinga, dakika 15 za kwanza za mechi yake ya mwisho ugenini pamoja na kona na faulo zake. Timu nyingi za Afrika Kaskazini zikija hapa zinataka mchezo upoe: kipa anachelewesha, beki anaanguka. Mashabiki wakilijua hilo mapema hawakati tamaa wala hawatupi vitu uwanjani. Kelele zetu tunazipanga ziwe kubwa zaidi mpira ukiwa miguuni mwao. Kwa kawaida jukwaa hunyamaza mgeni anapomiliki mpira na kulipuka sisi tunapomiliki, na kwa mtazamo wangu hiyo ni kinyume. Mchezaji wetu anayetaka kutuliza mpira anahitaji masikio, mchezaji wao ndiye asisikiane na mwenzake.

Kisha saa. Hii inaonekana ndogo lakini kila msimu inawapoteza watu. Ratiba ya CAF huandikwa kwa GMT, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa 13:00 GMT ni saa 16:00 hapa, yaani saa 10 jioni. Saa 16:00 GMT ni saa 19:00 hapa, yaani saa 1 usiku. Mtu akiona "16:00" kwenye picha iliyosambazwa bila GMT anaisoma saa 10 jioni na kuomba ruhusa kazini bure. Mwingine anaona "13:00" anadhani mechi ni saa 7 mchana. Kwenye tangazo la tawi naandika saa ya Kiswahili peke yake, na pembeni yake saa ya gari kuondoka.

Sasa tiketi, ambako ndiko kwenye matatizo mengi. Kuingia Kwa Mkapa kunategemea kadi ya N-Card, ile ile inayotumika kwenye kivuko cha Kigamboni. Kadi moja inaingiza mtu mmoja. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolifanya Jumanne si kukusanya pesa, ni kukusanya namba za kadi. Kila mwanachama anaitoa kadi yake, naipiga picha upande wenye namba, kisha yeye mwenyewe anaisoma kwa sauti huku mwenzake akiiandika kwenye daftari. Tunalinganisha daftari na picha. Namba ikikosewa tarakimu moja, tiketi inaingia kwenye kadi ya mtu mwingine, na siku ya mechi getini hakuna anayeweza kukusaidia kwa haraka.

Asiye na kadi anatakiwa aipate kabla ya Alhamisi. Siku ya mechi kadi zinauzwa nje ya uwanja, lakini foleni yake ni ndefu kuliko ya geti, na wanaozunguka na kadi mkononi wanataka bei ya juu.

Malipo yanafanyika kwa simu kupitia mitandao ya kawaida. Tunalipia tiketi moja moja, hatulipi kwa mafungu, na kila ujumbe wa uthibitisho naupeleka kwa mwenye kadi ili abaki nao. Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba kuweka salio kwenye kadi si kununua tiketi. Mtu anaweza kuwa na salio la kutosha na geti likamkataa, kwa sababu hajachagua mechi wala jukwaa. Ujumbe sahihi unataja mechi. Kama hautaji, bado hujanunua.

Majukwaa kwa mpangilio wa bei kutoka chini ni mzunguko, machungwa, VIP C, VIP B na VIP A, na klabu huongeza daraja la juu zaidi kwa wenye uwezo. Bei hubadilika kwa kila mechi, hivyo nasubiri tangazo la klabu. Tawi letu linakaa mzunguko. Ndipo ngoma ilipo, na ndipo watu wengi wanapoweza kukaa pamoja bila kutengana kwa namba za viti. Kwa mechi ya saa 10 tunaepuka upande unaotazama magharibi, maana jua linakupiga usoni kipindi chote cha kwanza na wazee wanachoka mapema. Wenye watoto wadogo au wazee nawashauri VIP C. Wanaongeza pesa kidogo, lakini msongamano wa geti ni mdogo.

Suala la msongamano silifanyii mzaha. Katika mechi ile ile ya USM Alger, Mei 2023, watu walikanyagana, mmoja akapoteza maisha na wengine wakajeruhiwa. Tangu siku ile hatuendi getini kwa kundi kubwa linalosukumana. Tunagawana watu sita sita, kila kundi na kiongozi wake mwenye namba yangu ya simu. Foleni ikianza kusukumana kwa nyuma tunatoka pembeni kabisa na kusubiri. Mtoto anabebwa mbele, si mgongoni.

Usafiri unategemea mnakotoka. Wanaotoka Ubungo na Buguruni wanakuja na Barabara ya Mandela kupitia TAZARA, wa Mbagala wanakuja na Barabara ya Kilwa, na wa Kariakoo wanaweza kupitia Keko hadi Chang'ombe. Sisi tunakodi Kosta. Gari la viti 30 nagawa gharama kwa watu 26, maana daima wapo wanaojiandikisha wakaahirisha asubuhi ya siku yenyewe. Wote wakija, pesa inayobaki inanunua maji. Dereva namwambia mapema kwamba hatutashushwa getini. Tunashuka upande wa vyuo vya Uhasibu au DUCE na kumalizia kwa miguu, kwa sababu dakika zinazopotea kulazimisha gari lifike karibu ni nyingi kuliko za kutembea. Malipo yake ni nusu kabla na nusu baada ya kuturudisha. Ukimlipa yote mwanzo, huna cha kumfanya akubali kusubiri mechi ikienda kwenye penalti.

Ukaguzi ni mkali, na unapaswa kuwa mkali. Hatubebi chupa, fataki, moshi wa rangi wala taa za leza. Fimbo za bendera ziwe nyepesi. Anayebisha namkumbusha Desemba 2024: tuliifunga CS Sfaxien 2-1 kwa goli la Kibu Denis dakika za majeruhi, lakini vurugu na viti vilivyovunjwa vilifanya Januari tucheze na CS Constantine bila mashabiki. Timu ilishinda 2-0 kwenye uwanja mtupu. Tuliikosa mechi ya kuamua kinara wa kundi letu.

Mechi ikiangukia kati ya Machi na Mei, lazima kuwe na mpango wa pili, kwa sababu ndiyo masika na ndipo robo, nusu na fainali zinapochezwa. Mwaka 2025, baada ya Al Masry, nusu fainali dhidi ya Stellenbosch ilihamia Amaan, Zanzibar, na fainali ya marudiano na RS Berkane nayo ikachezwa huko kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea Kwa Mkapa. Amaan ni mdogo, unachukua watu wapatao 15,000 ukilinganisha na 60,000 wa Kwa Mkapa, kwa hiyo tiketi zinaisha mapema na boti zinajaa siku hizo hizo. Msimu wa masika, mkataba na mwenye Kosta una kifungu kwamba mechi ikihamishwa anarudisha malipo ya awali, na mfuko wa tawi unaweka akiba ya nauli za boti kwa wapiga ngoma kwanza. Wengine wanafuata kadiri pesa inavyoruhusu. Jukwaa dogo lenye ngoma lina faida kuliko kubwa lisilo na mpangilio.

Kutoka uwanjani tunatoka nyuma ya umati. Filimbi ya mwisho ikilia, tunabaki kwenye viti dakika 20, viongozi wa makundi wanahesabu watu wao na kunitumia idadi kwa ujumbe mfupi, kwa kuwa kupiga simu wakati huo ni shida. Idadi ikitimia tunakwenda kwenye gari kwa njia ile ile tuliyoingilia. Asiyeonekana anasubiriwa nusu saa mahali tulipokubaliana Jumanne, na kiongozi wa kundi lake ndiye anayebaki naye.