Kibanda changu cha pili cha kupulizia rangi

"Mama, mto wangu unanuka rangi."

Binti yangu alisimama mlangoni asubuhi, mto kaukumbatia. Nikaunusa. Ni kweli ulinuka. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeipulizia praima, yaani rangi ya kwanza, modeli ya ndege ya kipimo cha 1/48 ndani ya kibanda nilichokiamini kabisa, sanduku lenye feni za kuvuta ukungu wa rangi na kuutoa nje, feni zinavuma, mlango wa chumba changu cha kazi nimeufunga na uwazi wa chini nimeuziba kwa taulo. Chumba chake kiko upande wa pili wa korido. Siku hiyohiyo nilichomoa waya wa kibanda kile, na sikushika tena eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, mpaka nilipokuwa nimejenga kingine.

Kile cha kwanza kilikuwa sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo, nimelilaza ubavu. Nyuma nilitoboa matundu manne, nikafunga feni nne za kompyuta za milimita 120, na mbele yake nikabandika kichujio. Ukiweka mkono ulihisi upepo, kwa hiyo niliridhika. Lakini feni za aina hiyo, zenye mapanga bapa, husukuma hewa vizuri pale tu ambapo njia ni nyeupe. Ziwekee kichujio upande mmoja na bomba refu upande wa pili, mapanga yatazunguka vilevile na hewa haitatoka. Halafu kichujio kilikuwa kimegusana na feni zenyewe, hivyo kilivuta kwenye miduara minne tu. Kwenye kona na katikati hewa ilikuwa imelala. Ukungu wa rangi ulikwenda hadi nyuma, ukagonga, ukarudi.

Haukunirudia mimi peke yangu. Chembe za rangi zikizurura hukauka zikiwa bado hewani, kisha hutua juu ya modeli kama vumbi. Bawa la kushoto la ndege ile lilikwaruza kidole kama msasa laini. Miezi mingi nililaumu rangi. Niliongeza thina, nikashusha presha ya kompresa kutoka psi 20 hadi 15, nikasogeza ncha karibu zaidi. Kumbe mwenye makosa alikuwa upepo wa ndani ya sanduku.

Safari hii nilianza na hesabu kabla ya kushika msumeno. Kinachotakiwa ni hewa iingie kupitia mdomo wa kibanda kwa mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde. Huo unatosha kubeba ukungu bila kuvuruga rangi inayotoka kwenye ncha. Mdomo niliotaka ni sentimita 60 kwa 40, yaani mita za mraba 0.24. Zidisha kwa nusu mita, unapata mita za ujazo 0.12 kwa sekunde, sawa na 432 kwa saa. Namba inayoandikwa kwenye feni hupimwa feni ikiwa haijafungwa kitu chochote, na kichujio pamoja na bomba huila sehemu kubwa. Kwa hiyo nilitafuta yenye karibu mara mbili ya hesabu yangu, na ya aina tofauti: ile yenye gurudumu la vibapa vingi vyembamba, inayonyonya hewa kwa ubavu na kuitupa kwenye mdomo wake. Hiyo haikati tamaa ikikutana na kizuizi.

Mota nilichagua isiyo na brashi za kaboni, tena inayokaa nje ya njia ya hewa. Brashi zikisugua hutoa cheche, na mvuke wa thina unawaka. Hapa sikutaka kubahatisha. Kwa sababu hiyohiyo makopo ya kupulizia siyatumii humu ndani. Gesi inayosukuma rangi yake mara nyingi ni butani na propani, na kopo moja hutoa rangi nyingi kwa sekunde chache kuliko eabrashi inavyotoa kwa muda mrefu. Makopo nayapeleka nje, siku isiyo na upepo.

Sanduku lenyewe ni plaiwudi ya milimita 9, ndani nimeipaka rangi nyeupe ya kung'aa ili ifutike. Viungo vyote vina gundi, skrubu na silikoni. Kati ya kichujio na ukuta wa nyuma nimeacha nafasi tupu ya sentimita 10, na nafasi hiyo tupu ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Feni inavuta kutoka kwenye chumba hicho kidogo, chumba kinavuta kupitia uso mzima wa kichujio, na kona nazo zinafanya kazi.

Bomba nalo nilitaka kutumia la milimita 100 kwa kuwa nilikuwa nalo. Nikapiga hesabu tena: hewa ileile ingelazimika kukimbia humo mita 15 kwa sekunde. Kwenye bomba la milimita 150 inakwenda chini ya mita 7, kwa sababu tundu lake ni zaidi ya mara mbili. Nilinunua la 150. Ni fupi, lina kona moja tu, na lile la mikunjo nimelivuta likanyooka kabisa, maana kila mkunjo ni breki. Linatokea dirishani kupitia ubao nilioukata uingie kwenye fremu, pembeni nimeuzungushia sponji.

Kabla chupa yoyote ya rangi au thina haijaingia chumbani, niliwasha kijiti cha udi na kukipitisha polepole mdomoni mwa kibanda. Moshi uliingia umelala, umenyooka. Nikaufunga mlango wa chumba kama ilivyokuwa desturi yangu, nikajaribu tena. Safari hii moshi ulisitasita, ukapanda juu, na kidogo ukageuka kurudi.

Nilibaki nimekishika kijiti kile nikifikiri juu ya taulo langu. Hewa inayotoka lazima ije nyingine mahali pake. Nikifunga kila kitu, feni inakabwa, na ukungu unabaki chumbani na mimi. Siku zile mvuke wa thina ulijaa humu saa nzima, na nilipomaliza, nikazima feni na kufungua mlango, ulitoka wote kwa pamoja kuelekea koridoni. Sasa mlango nauacha wazi kiasi cha upana wa kiganja. Nilishusha moshi wa udi kwenye uwazi huo: ulitoka koridoni kuingia chumbani, haukwenda njia nyingine. Feni naiacha ikinguruma dakika 20 baada ya kumaliza, modeli ikiwa bado ndani, kwa sababu rangi inayokauka inaendelea kutoa mvuke.

Barakoa bado naivaa. Kichujio cha kibanda kinanasa chembe, mvuke unapita humo kana kwamba hakuna kitu. Ndiyo maana kibanda kinachorudisha hewa chumbani kupitia sponji peke yake sikiamini. Barakoa yangu ina makopo mawili ya mkaa ya kuzuia mvuke pamoja na vichujio vya vumbi. Ile ya kitambaa haisaidii lolote kwa thina. Na vanishi zile za kuchanganya na kigumishi chenye isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, sizigusi kabisa, hata kibanda kivute namna gani.

Taa ni mbili za LED, nyeupe, nimezifunga nje ya mdomo nyuma ya plastiki angavu, moja juu na moja ubavuni. Ya ubavuni ndiyo ninayoitegemea. Mwanga ukija kwa kulalia unaona ule mng'ao wa rangi mbichi ukitandaa juu ya bawa, na unajua sekunde ileile kwamba imetosha, ukiongeza itachuruzika.

Juzi nimemaliza modeli ya kifaru cha vita ya 1/35, tabaka tatu za kijani, na mnara wake wa mzinga ni laini kabisa kwenye kidole. Nilipochomoa kichujio nikakuta doa la kijani limekaa kushoto, chini kidogo ya katikati, kubwa kama sahani. Mimi natumia mkono wa kulia na kumbe siku zote napulizia kuelekea kushoto. Nimekigeuza juu chini nikakirudisha, upande msafi sasa ndio uko mbele ya mkono.