Shangazi mbele ya kamera ya joto

Ilikuwa Julai, Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Umande ulikuwa umelala mweupe juu ya majani ya viazi. Nilikuwa nasomea shahada ya pili, nimeazimwa kamera ya joto, na baridi ya kutosha nilijua iko nyumbani.

Nilifuatilia mafuta ya kahawia. Si haya meupe yanayojaa tumboni na kuweka akiba. Ya kahawia, baridi ikikupata, huunguza sukari na mafuta ili kutoa joto, na rangi yake inatokana na mitokondria nyingi, vijitanuru vya nishati ndani ya seli, zenye madini ya chuma. Ndiyo yanayompasha mtoto mchanga, ambaye hajaweza kutetemeka kama sisi. Kwa watu wazima, wengi waliamini yamekwisha, mpaka mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi, Ufini na Marekani walipoyaonyesha kwa skana ya PET: unachomwa sindano ya glukosi yenye mionzi kidogo, na pale yanapofanya kazi, shingoni na juu ya mitulinga, picha inawaka.

Skana sikuwa nayo. Mdogo wangu alivua shati, akatumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya kisima huku akilalamika. Dakika chache tu, mabega yakageuka bluu, yaani yamepoa, kwenye kioo cha kamera. Vishimo viwili juu ya mitulinga vikabaki rangi ya chungwa. Mama aliacha kumenya viazi, akaja kutazama.

"Na mimi, mwanangu," shangazi akasema.

Shangazi ni mnene. Mwaka huohuo, kwenye zahanati moja, aliambiwa mbele ya foleni nzima kwamba anakula bila kiasi. Alishusha khanga begani mwenyewe. Tukangoja. Bluu tupu.

"Kwa hiyo mimi sina?"

Nusura niseme ndiyo. Waholanzi walikuta kwa watu wanene mafuta haya hufanya kazi kidogo zaidi, na jibu lilikuwa mdomoni tayari. Lakini kamera ile husoma joto la ngozi tu, na mafuta meupe chini ya ngozi ni blanketi: joto la ndani haliwezi kupenya vizuri. Moto ungeweza kuwepo, nisiuone.

"Kamera ndiyo imeshindwa, shangazi. Si wewe."

Alijifunika khanga yake. "Basi kaandike hivyo."

Nikaandika palepale, akiniangalia mkono: haisomeki.