Siku moja na watoto 148 wa darasa la kwanza

Saa 10:45 alfajiri simu inalia, naizima, inalia tena. Naoga, nakunywa chai ya rangi, napanda daladala ya kwanza nikiwa nimesimama na ya pili nikiwa nimebanwa dirishani. Saa 12:40 nimeshasaini kitabu cha mahudhurio. Hapo katikati hakuna hadithi.

Saa 1:00, mstarini. Mwalimu wa zamu anakagua kucha na sare. Madarasa yote yanasimama kwenye mistari, isipokuwa la kwanza, ambalo linasimama kama kichuguu. Hao ndio wangu.

Saa 1:30, naingia darasani. "Shikamoo mwalimu!" Ukisikia salamu hiyo kutoka kwa watoto wa miaka sita wakiwa pamoja, bati linatikisika. Kwenye rejista wapo 148. Leo wamekuja 139, na nimewapata kwa kuhesabu madawati, maana nikiita jina moja moja theluthi ya kipindi imekwenda. Madawati yapo 31, kila moja limetengenezwa kwa watoto watatu. Mimi nakalisha wanne. Waliobaki wanakaa kwenye mkeka mbele ya ubao, chaki ikiwadondokea kichwani. Kila Jumatatu nawazungusha, wa mkekani wapate dawati na wa nyuma waje mbele, ili nao wanione uso.

Fanya hesabu na wewe. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Gawanya kwa watoto 148, kila mmoja anapata sekunde 12. Ndani ya sekunde 12 nimshike mkono, nione kama penseli ameishika sawasawa, nisikie anavyosoma "ba be bi bo bu", na nimfute machozi kama mwenzake kamfinya.

Watu wakisikia hivyo huniuliza: si Serikali inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45? Ndiyo, inasema. Kwa kanuni hiyo, hawa wangu ni mikondo mitatu na watoto 13 wa ziada. Ila nenda ofisini kwetu usome takwimu zilizobandikwa ukutani: wanafunzi 1,450, walimu 23. Mwalimu mmoja kwa watoto 63. Si pazuri, lakini hata anayekagua hashtuki. Anayesoma ukuta ule hawezi kujua kwamba mlango wa pili kuna chumba chenye 148.

Imekuwaje? Mwaka juzi tulikuwa na la kwanza B. Mwalimu wake akahama kumfuata mume wake, na chumba chake kikapewa darasa la nne. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa na la saba lina mtihani wa kumaliza. Madarasa ya mtihani ndiyo yanayopewa vyumba na walimu, kwa sababu ndiyo yatakayoulizwa matokeo. La saba A wapo 58, la saba B wapo 56. Shule moja, kengele moja, mwalimu mkuu mmoja. Mtoto wa miaka sita hana mtihani wa taifa, kwa hiyo anaweza kubanwa.

Mimi silaumu kusoma bila ada. Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza na michango ya lazima ikaondolewa, nilikuwa na miaka mitano kazini, na niliona akina mama wakipanga foleni na watoto wa miaka tisa ambao hawajawahi kushika daftari. Ilikuwa siku nzuri. Ila watoto walikuja Januari ileile, na vyumba havikuja nao.

Saa 3:20, kipindi cha kusoma. Nimeshapanga kadi za silabi, darasa limetulia (kutulia kwetu ni kelele za wastani), mara mlango unafunikwa na kivuli. Baba mmoja, koti la bodaboda, helmeti kwapani.

"Samahani mwalimu. Wewe ndiye wa darasa la kwanza?"

"Ndiye, karibu baba. Ila tupo kwenye kipindi, ungepitia kwanza kwa mwalimu mkuu."

"Nimetoka huko, kaniambia nije kwako. Mwanangu unamjua?"

Akataja jina. Kwenye rejista yangu jina hilo lipo mara nne. Nikauliza la baba, akalitaja kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata jibu lake. Nikageuka kutafuta uso. Mtoto akanyanyua mkono mwenyewe kutoka dawati la tatu upande wa dirisha, akitabasamu, maana baba yake amekuja shuleni.

Kufikia hapo wote walikuwa wamesimama. Wawili wakaomba kwenda kukojoa, kisha kumi wakaomba, kisha sikuombwa tena, walitoka tu. Kadi za silabi zikawa feni za kujipepea. Yule baba hakuona lolote kati ya hayo. Alifungua daftari akaniwekea chini ya macho.

"Hapa umemwandikisha nini?"

Kwenye mstari wa juu, mwandiko wangu: baba. Chini yake mwandiko wa mtoto, mistari sita, herufi zimeshuka na kupanda kama ngazi ya mnazi: dada, dada, dada. Ukurasa unaofuata, dada. Siku nne mfululizo. Na chini ya kila ukurasa, kwa kalamu nyekundu, alama ya vema. Yangu.

Ningeweza kumwambia habari za 148. Nilianza hata, nikasema "Baba, ona darasa lilivyo," naye akatazama, nadhani kwa mara ya kwanza, akanyamaza kidogo. Halafu akasema taratibu, bila ugomvi, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Mimi niliishia la nne, mwalimu. Lakini hili nimeliona."

Ugomvi ningeumudu. Wapo wazazi wanaokuja na matusi, tumeshazoea. Huyu alikuwa na haki. Alikaa pale mlangoni dakika 20 hivi, akitaka nimhakikishie kwamba mtoto atakaa mbele. Nikamwambia wa mbele pia wana baba zao. Akataka nimpe masomo ya ziada, atalipa. Nikakataa. Akaondoka hajaridhika, na kipindi cha kusoma kikawa kimekwisha.

Mapumziko. Uji. Kuhesabu kwa vizibo vya soda, mmoja akameza kizibo, hapana, alikuwa amekificha shavuni. Mtoto wa mkekani alilala, nikamwacha.

Mchana, wangu wakishaondoka, naingia la saba B kwa kipindi cha Kiswahili, na nakiri kwamba napumua. Watoto 56 pia ni wengi, lakini ninapita katikati ya madawati. Nawajua majina. Kuna mmoja akipindisha mdomo najua hajaelewa. Nilipokuwa nasahihisha insha zao nikajiuliza wangapi kati yao walipita la kwanza bila mtu kuwaona.

Sikumbuki nilitoka saa ngapi. Foleni, joto, na mfuko wa madaftari mapajani.

Kwenye daladala nikampigia mdogo wangu, naye ni mwalimu, mkoani Lindi. La kwanza lake lina watoto 21. Zamani nilikuwa namwonea wivu, mpaka nilipomtembelea. Shule nzima ina walimu watatu. Yeye anafundisha la kwanza na la pili chumba kimoja, ubao kaupiga mstari katikati. Upande huu ukiandika, upande ule unasubiri. Leo mwenzake mmoja yuko semina, kwa hiyo amechukua na la tatu. "Dada, hao 21 wako wapi," ananiambia, "mimi leo nilikuwa na madarasa matatu na mdomo mmoja."

Usiku, watoto wangu wamelala, natandaza madaftari mezani. Nikimpa kila mtoto nusu dakika tu, ni saa nzima na zaidi. Ndivyo vema ya uongo inavyopatikana: jicho linaona mistari imejaa, mkono unapita. Nikalitafuta daftari la yule mtoto kwanza. Nikamchorea pembeni b kubwa, fimbo kwanza halafu tumbo. Na d, tumbo kwanza halafu fimbo. Kesho nitamshika mkono tuiandike hewani.

Nikaendelea. Nilipofika kama la 60, nikakutana na dada nyingine mahali pa baba. Nikaweka kalamu chini. Halafu nikavuta rundo la yale niliyokwisha kuyasahihisha, nikaanza upya kutoka la kwanza. Mpaka naandika hapa nimeshapata tisa.