Begi la kujifungulia limekamilika, na maamuzi je?

Kila mjamzito ninayemjua akifika miezi saba hivi anaanza kunitumia picha za begi. Vinguo vya mtoto vimekunjwa, pedi kubwa zile za uzazi, taulo, soksi, kofia, kadi ya kliniki iko mfuko wa mbele. Na mi hizo picha nazipenda kwelikweli, zinanipa raha. Ila swali langu la kwanza huwa haligusi begi kabisa, namuuliza hivi, ikitokea usiku wa manane damu inatoka na mumeo hapatikani kwenye simu, nani anasema "twende"? Wengi hapo wananyamaza, au wananijibu "tutaona siku ikifika."

Siku ikifika hakuna muda wa kuona chochote jamani. Tangu 1994 wataalamu wa uzazi wanaongelea ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Huo wa tatu mara nyingi hauko mikononi mwetu, lakini wa kwanza unaanzia sebuleni kwetu na wa pili tunaweza kuupunguza sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake kama 260,000 walikufa mwaka 2023 kwa sababu za ujauzito na uzazi, ni zaidi ya 700 kila siku, na wengi wao ni vifo ambavyo dawa yake inajulikana miaka mingi. Hiyo ndo inayoniuma.

Nikupe mfano wa mdogo wangu. Mimba ya kwanza, mwezi wa nane, kichwa kikaanza kumuuma asubuhi, akameza panadol, akalala, akaamka bado kinauma vilevile na anaona vitu kama vimulimuli mbele ya macho, pete ya ndoa haitoki tena kidoleni. Nyumbani wote wanamwambia ni uchovu, mimba kubwa ndo zilivyo, na yeye mwenyewe anasema ngoja baba watoto arudi tuongee. Jirani mmoja mama mtu mzima alipoona ule uso ulivyovimba hakubishana na mtu, alimshika mkono wakaondoka. Presha ikasoma 170 kwa 110. Alilazwa hapo hapo, akachomwa magnesiamu ili asipate degedege, akapewa na dawa ya kushusha presha, mtoto akatolewa mapema. Wote wazima leo. Lakini kama yule mama angesubiri ruhusa kama wengine walivyokuwa wanasubiri, sijui ningekuwa naandika nini hapa.

Kwa hiyo hilo la kwanza, ruhusa itolewe mapema. Kaeni chini wewe na mwenzio na yeyote mnayeishi naye, mama mkwe awepo, dada wa kazi awepo, na mseme wazi kwamba ikitokea moja kati ya haya hakuna kumpigia mtu simu kuomba idhini, tunaondoka, taarifa atapata njiani. Na haya yenyewe ni machache, yanakaa kwenye karatasi moja mlangoni: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana kisichosikia dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, homa kali, degedege, kupumua kwa shida, maji kutoka kabla ya wakati au yakiwa ya kijani au yananuka, na mtoto kupunguza kucheza. Hilo la mtoto nalisema kwa nguvu kwa sababu kuna watu watakwambia mtoto akikaribia kuzaliwa anatulia, siyo kweli, mtoto anatakiwa aendelee kucheza mpaka mwisho, wewe mwenyewe unajua mchezo wake wa kila siku ukoje na ukibadilika nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Kuna na dharura moja watu hawaifahamu, kitovu kutangulia, yaani ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma kutoka kabla ya mtoto mwenyewe. Chupa inapasuka halafu unahisi au unaona kama kamba imetoka ukeni. Usiirudishe ndani, usiishikeshike, piga magoti, kifua chini, makalio juu, ukae hivo wakati watu wanatafuta usafiri, na hata kwenye gari usikae wima, lala ubavu na makalio yameinuliwa kwa mito. Lengo ni kichwa cha mtoto kisikibane kitovu, maana kikibanwa mtoto anakosa oksijeni.

Usafiri sasa. Usiwe na namba moja ya dereva, uwe na mbili tatu na uwe umeshaongea nao kabla, kwamba mi nategemea tarehe fulani, naweza kukupigia saa nane usiku, utapokea? Namba ziandikwe kwenye karatasi maana simu ikizima chaji zote zinazimika nayo. Na ujue hospitali unayokwenda wanafanya upasuaji au wanakupa rufaa, na kama ni rufaa ni ya kwenda wapi na ni mwendo wa muda gani. Hela ya dharura ikae pembeni mahali ambapo na wewe mwenyewe unaweza kuifikia.

Damu ndo ninapotaka nikae kidogo. Kutokwa na damu nyingi ni sababu inayoongoza kwa vifo vya wazazi duniani, na nyingi inatoka baada ya mtoto kuzaliwa, wakati watu washaanza kupiga simu za hongera. Mama aliyekuwa mzima kabisa anaweza kutuondoka ndani ya masaa machache. Maandalizi yake yanaanza miezi mingi nyuma: mimba inahitaji kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) kisishuke chini ya gramu 11 kwa desilita, kwa hiyo vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vinavyowekwaga tu kabatini kwa sababu vinaleta kichefuchefu, mwambie mkunga akusaidie namna ya kuvimeza, usiviache kimyakimya. Mwenye damu kidogo akipoteza hata kiasi cha kawaida anaumia kuliko mwenye damu ya kutosha. Ujue kundi lako la damu, na kama ni negativu uliza sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili wako usitengeneze kinga ya kushambulia damu ya mtoto, huwa inachomwa karibu na wiki ya 28 na tena ndani ya masaa 72 baada ya kujifungua kundi la damu la mtoto likiwa pozitivu. Halafu tafuta ndugu au marafiki wawili watatu waliokubali kutoa damu ikihitajika, uongee nao wakiwa na akili zimetulia.

Na chumba cha kujifungulia uwe na mtu wako, Shirika la Afya Duniani wenyewe wanapendekeza kila mama awe na mtu anayemtaka yeye. Mpe kazi maalumu. Akumbuke kwamba mtoto akishatoka kuna sindano ya oksitosini ya kusaidia mfuko wa uzazi ujikaze, aulize kama imeshachomwa. Aangalie kama kondo la nyuma limetoka, likipita nusu saa bila kutoka hiyo ni shida. Na aangalie damu kwa macho yake, shuka likilowa na kuendelea kulowa aite mtu, akiitikiwa "inakuja tu kidogo" aite tena. Siyo kugombana na manesi, wana wagonjwa wengi, anaongeza macho tu.

Kurudi nyumbani watu wote wanahamia kwa mtoto na mama anabaki na chai yake pembeni. Wiki sita zote hizo bado uko kwenye hatari. Pedi kubwa ikijaa ndani ya saa moja, ukitoa mabonge makubwa ya damu, homa, uchafu unaonuka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, rudi hospitali. Na huzuni pia, kulialia siku za mwanzo ni kawaida kwa wengi, lakini ikipita wiki mbili hulali hata mtoto akilala, humtaki mtoto, au unapata mawazo ya kujidhuru, huo ni ugonjwa na unatibika, mwambie mtu leo.

Kifafa cha mimba, yaani degedege la presha lile mdogo wangu alilochomwa magnesiamu asilipate, nacho kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, na kwa mtu ambaye presha yake haikuwahi kusumbua mimba nzima. Kwa hiyo ukienda popote na kichwa au kifua au chochote, hata mtoto umemwacha nyumbani na tumbo lishapungua, neno la kwanza unalomwambia anayekupokea liwe "nimejifungua wiki kadhaa zilizopita," kabla hata hujataja kinachouma, maana asipojua hilo atakutibu kama mgonjwa mwingine yeyote wa kichwa.