Ukishampa Mkasi, Usimnyang'anye

"Utaweza tu, usiogope." Maneno haya yanasemwa kila siku kwenye vibaraza vya mafundi cherehani hapa Mwanza, Makoroboi mpaka Igoma, na mara nyingi mwanafunzi anayeambiwa hubaki na woga wake uleule. Maneno si mabaya. Tatizo ni kwamba yamekuja peke yake.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alitaja vyanzo 4 vya mtu kuamini kwamba anaiweza kazi: kuifanya mwenyewe ikafaulu, kumwona mtu wa hali kama yake akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyouelewa mwili wake pale moyo unapokwenda mbio na mikono kutetemeka. Cha kwanza ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Maneno husaidia, ila kazi ikiharibika mara moja yanafutika. Basi ukimwamini mwanafunzi wako, imani hiyo imfikishe kwenye meza ya kukatia, akiwa na kazi ambayo akijitahidi itamtoka vizuri.

Kazi yenyewe iwe ngazi moja tu juu ya ile anayoiweza. Aliyekwisha shona sketi za shule bila kufumuliwa, mpe akate sketi ya kitenge, si gauni la harusi linalosubiriwa Jumamosi. Hakikisha kwanza kitenge hichohicho bado kipo dukani, kisha mwambie: "Kikiharibika, hasara ni yangu." Mwonyeshe mtego wake pia: ua lina juu na chini, ukigeuza kipande kimoja, maua ya nyuma yatasimama kichwa chini. Achore kwa chaki, aache sentimita 2 za mshono na 5 za pindo, apime tena.

Mpe na sababu ya kumwamini, iwe kitu alichokifanya. "Wiki hii umepachika zipu tatu, hakuna iliyovuta kitambaa. Leo unakata." Usimwambie ana kipaji. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998, kwa wanafunzi wa darasa la tano Marekani, kwamba waliosifiwa akili walikata tamaa upesi baada ya kushindwa kuliko waliosifiwa juhudi.

Sasa mkasi umeingia kitambaani. Umefika nyonga, pale mstari unapopinda, na kijana anasita. Fundi ananyoosha mkono: "Hebu lete." Ni sekunde mbili tu, lakini kijana ameshajua kwamba aliaminiwa mpaka kwenye kona, basi. Mteja akiwa amesimama pale ni vibaya zaidi, na hapa ndipo mafundi wazuri kabisa wanapoharibu kwa nia njema.

Nenda katie cherehani uzi, umpe mgongo, asiweze kutafuta jibu usoni mwako. Akiuliza, "Fundi, nipite hapa?" mjibu, "Wewe unaonaje?" kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuuma. Akikata nje ya mstari, mwache, kitapunguzwa baadaye. Mkasi ukielekea ndani ya mstari, hapo msimamishe, kwa sauti, bila kuugusa mkono wake. Kilichokatwa ndani hakirudi.

Kikiharibika usiseme "si kitu," maana anakiona kwa macho yake. Kaeni na futi mtafute kosa lilipoanzia, kwenye chaki au kwenye mkasi, halafu mpe sketi nyingine ya namna hiyohiyo wiki hiyohiyo. Ukimwacha mwezi mzima, woga utaota mizizi. Siku hizo mkalishe karibu na mwenzake aliyemtangulia miezi sita, anayekumbuka bado kona ile ilivyomsumbua. Wewe mwenye miaka 20 kwenye kazi unamtisha, hata ukicheka naye.

Kikitoka vizuri, arudie mara tatu kabla hujampandisha ngazi. Na mwenye sketi akija kuichukua, sema mwanafunzi akisikia: "Hii amekata huyu." Kisha mwache aikunje yeye, na yeye ndiye aikabidhi.