Mzee aliyeniuliza swali la sensa

Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa kwenye mtaa ninaokaa, Dar es Salaam. Kishikwambi mkononi, kizibao mwilini, hodi mlango kwa mlango. Kuna lile swali la mahali mtu alipozaliwa. Nilidhani nitakuwa nabonyeza Dar, Dar, Dar. Nikapata Tabora, Singida, Kilosa, Kasulu. Siku ya tatu nikafika kwa mzee mmoja wa mtaa wa nyuma. Akaniambia kazaliwa Kigoma, kisha akanigeuzia kibao.

"Mwanangu, Kigoma umewahi kufika?"

"Sijafika, mzee."

"Tabora je?"

"Hata Tabora."

"Sasa unatuhesabu vipi?"

Alicheka, nikacheka, nikaenda nyumba ya pili. Lakini swali lilinigandia. Matokeo yalipotangazwa, watu 61,741,120, wenzangu kijiweni wakawa wanaishangaa namba. Mimi nilikuwa najiuliza hao watu wote wakiamka asubuhi wanashika nini.

Septemba ya mwaka uliofuata nikachukua likizo na kukata tiketi ya treni hadi Kigoma, daraja la pili kulala. Ni kilomita 1,250 hivi, kwa reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 wakaifikisha ziwani 1914.

Morogoro na Kilosa tulizipita usiku, kwa hiyo mkonge niliousoma tangu shule ya msingi sikuuona hata jani. Ila kitanda cha chini alikuwepo baba mmoja wa Kimamba, na yeye hakuwa na usingizi. Akaniambia kwao ni Kimamba kwa sababu babu yake, Muha wa Kigoma, aliletwa huko kukata mkonge. Alikuwa manamba. Neno hilo nilikuwa nalisikia tu, sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Limetoka kwenye namba. Vibarua walioandikishwa kwa mkataba walipewa namba, na kwa namba hizo ndipo walipoitwa.

"Kigoma haikupewa zao la biashara kama Kilimanjaro na kahawa yao," alisema. "Zao la Kigoma lilikuwa watu." Nilipokuja kusoma baadaye nikakuta hakukosea: serikali ya kikoloni iliichukulia Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, kama ghala la vibarua wa mashamba ya mbali. Na mimi miaka yote niliamini Kigoma imechelewa kwa sababu iko mbali.

Kulipokucha tulikuwa Dodoma. Zabibu zilipanda dirishani kwenye vindoo, mavuno ya pili ya mwaka yakielekea kuisha. Nilinunua, zikaisha kabla ya Bahi. Na hapo Bahi nikapata aibu ndogo, maana kichwani mwangu Dodoma ni ukame, basi, ukurasa unafungwa. Kumbe Bahi ni bonde ambalo maji ya mvua huingia yasipate pa kutokea, na watu wanalima mpunga. Majaruba yalikuwa yamebaki mabua, ng'ombe wanajilia. Baadaye kidogo, Saranda, treni ikaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, injini ikilalamika kama mtu anayepandisha ngazi na gunia.

Baada ya Itigi ni vichaka, na vichaka, na usingizi.

Tabora tuliingia giza limeshashika. Dirishani ikaja chupa ya maji iliyojaa kitu cheusi, na nyuma yake sauti ya mama.

"Asali, baba, asali."

"Ya nyuki wakubwa au wadogo?" aliuliza yule baba wa Kimamba.

"Wakubwa. Ya wadogo utaimudu?"

Baba akaipokea, akaimulika kwa tochi ya simu, akaipindua kichwa chini. Kiputo cha hewa kikaanza kupanda polepole, kikachukua muda wake hadi kufika kitakoni mwa chupa. Akatikisa kichwa kukubali, akalipa. Kisha akanifundisha jambo ambalo naona lingetosha kuwa somo zima la uchumi. Asali ile inatoka kwenye miombo. Tumbaku ya Urambo na Kaliua, nayo, hukaushwa kwenye mabani, na mabani yanakula kuni, na kuni ni hiyo hiyo miombo. Kuna nyumba ambazo baba analima tumbaku na mama anauza asali. Msitu mmoja unalipa ada za watoto kwa njia mbili, na njia ya kwanza inaimaliza ya pili. Kwenye kishikwambi nyumba ya namna hiyo ningeiandika "kilimo", nikapita.

Uvinza ilikuwa alfajiri, baridi, na chumvi. Maji ya chemchemi za hapo yana chumvi kali, na watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, zamani sana kabla ya reli na kabla ya Mjerumani. Nilinunua mfuko ambao sikuuhitaji.

Kigoma nilikaa siku nne. Ningeweza kuandika kurasa juu ya dagaa peke yao: jinsi wanavyovuliwa kwa taa usiku wa giza, na jinsi mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hulala nyumbani na bei sokoni hupanda. Mwezi unapanga bei! Na michikichi kila kona, wakati nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Hilo bado linanikera.

Nilirudi na chupa ya mawese kwa ajili ya mzee. Kifuniko kikalegea njiani, mashati mawili yakageuka rangi ya machungwa, hayajatakata mpaka leo.

Mzee alifungua kilichobaki, akanusa, akafumba macho kidogo. "Umenunua Ujiji au Mwanga?"

"Ujiji, mzee."

"Haya. Sasa unaweza kuja kunihesabu."

Tukakaa barazani. Nikamsimulia habari ya yule baba wa Kimamba na babu yake. Alinyamaza, akaifunga chupa kwa makini, akaiweka chini ya kiti. Baba yake mwenyewe, akasema, aliondoka Kigoma kwa treni hiyo hiyo, na yeye alikuwa mdogo kiasi cha kubebwa mgongoni stesheni.

"Naye alipewa namba?"

"Alipewa."

Nikamuuliza kama anaijua. Akaitaja, tarakimu moja moja, kama mtu anayetaja jina.