Kitanda cha Mwalimu

Aliyepita sekondari ya Tabora Boys anaijua hii, kila bweni lilikuwa na kitanda cha Mwalimu. Unafika njuka, mgeni wa shule, na tranka lako la bati, wakubwa wanakupeleka kwenye kona wanakwambia "hapa kalala Nyerere, usiguse", halafu jioni unaenda kumtembelea mshikaji wa bweni la pili unakuta na yeye kashaonyeshwa cha kwao. Cha kwetu kilikuwa kwenye lile bweni la zamani lililogeuzwa stoo, umo ndani ni madawati mabovu na majembe tu, na hicho kitanda cha chuma springi zimelegea hadi zinakaribia sakafu.

Sasa ile Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1999. Jua la Tabora la Oktoba mnalijua, mvua bado, maembe ndo kwanza yananenepa. Tulijua Mzee anaumwa kansa ya damu, yuko London hospitali ya St Thomas, na siku hizo zote tulikuwa tunabanana dirishani kwa patroni tusikilize taarifa ya habari. Mchana ule Rais Mkapa mwenyewe akasikika redioni anatangaza kwamba Mwalimu hatunaye. Ticha wetu wa historia, mtu mkali ambaye hatukuwahi hata kumwona akicheka, akakaa kwenye ngazi akalia mbele yetu, chaki bado iko mkononi.

Kwa wengine alikuwa Baba wa Taifa, sisi ilikuwa hivyo na zaidi, maana huyu alikuwa wa kwetu. Waingereza walifungua ile shule miaka ya 1920 wakiwalenga watoto wa machifu, na yeye baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, ndo akaja 1937 akitokea Mwisenge kule Musoma, kisha 1943 akaenda Makerere. Alivyomaliza huko akarudi Tabora hiyohiyo kufundisha St Mary's. Kawawa naye kasoma pale, Chifu Abdallah Fundikira pia, yaani ukiikagua serikali ya kwanza ya Tanganyika, Tabora imo tu. Tulikuwa tunaringa nayo hiyo, na sioni kosa.

Usiku prepo, ule muda wa kujisomea, hakuna. Viranja wakaanza kubishana mishumaa iwashwe bweni gani, kila mtu anavutia kwake, "Mwalimu kalala kwetu", "kwenu wapi, kwenu palikuwa pori", ikabaki kidogo watu wakunjane msibani. Katikati ya kelele akatokea mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa shule zamani, alishastaafu, anaishi jirani, kavaa kanzu na koti juu kaja kutupa pole. Shikamoo babu, shikamoo babu, tukamshika mkono mpaka stoo ili atukate ubishi.

Akaomba tochi. Akapiga goti taratibu, akapitisha kidole chini ya fremu pale miguu ilipochomelewa, akakwaruza kutu kidogo, akainuka anacheka kabisa, siku ya msiba.

"Wajukuu zangu, hivi vitanda nimevipokea mimi stesheni, vimeletwa na treni, tukavisukuma na mkokoteni mpaka hapa. Mwalimu keshakuwa Ikulu zamani."

Kimya. Kiranja wetu akajikaza, "sasa babu, bweni lenyewe je, si ndo hili?"

"1937 mimi nachunga ng'ombe wa baba yangu, nitajuaje nani kalala wapi?"

Basi, mishumaa ikaenda bwaloni, mabweni yote tukasimama pamoja, Waislamu wakasoma dua, Wakristo wakasali, mzee kawekewa kiti mbele. Baada ya hapo akaomba aone jikoni. Akafunua sufuria ya maharage, akaonja, akasema chumvi hamna, na ni kweli haikuwepo.

Kesho yake jamaa wa bweni la pili wakaja kutucheka, eti sisi chetu feki, cha ukweli kiko kwao na springi zake zote. Tukawaambia poa, tumwite mzee aje na tochi akague na hicho. Wakatuma mtu kweli. Mzee akajibu goti linamuuma, mpaka wiki ijayo.

Wiki iliyofuata hakuna aliyekwenda kumwita.